Sahani Iliyorudi Tupu

Mtaani kwao walimwita daktari, na hakuwa daktari. Swabaha binti Gharib alikuwa mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimoja cha Nairobi, akisomea afya ya jamii, somo ambalo babake alijaribu kulieleza barazani, likamshinda, akaona bora aseme udaktari yaishe. Yakaisha hivyo. Kila akija likizo, wanawake wa kichochoro chao, pale nyuma ya Ndia Kuu, walimletea miguu iliyofura, watoto wenye upele na chupa za dawa zilizofutika maandishi. Akiwaambia kwamba yeye hasomei hayo, walicheka, wakadhani ni adabu yake njema.

Mwaka wa korona alirudi bila likizo. Vyuo vilifungwa ghafla mwezi wa Machi, wanafunzi wakaambiwa wahame mabweni, na Swabaha akapanda basi la Mombasa na mabegi yake yote. Kando yake alikaa mzee mmoja mtulivu, mwenye heshima zake, ila alipiga chafya tangu Mtito hadi Mariakani. Swabaha alijifunika mtandio hadi machoni, akageukia dirishani, na kila mzee alipopiga chafya yeye alizuia pumzi mpaka masikio yakavuma. Wenzake waliposhuka Mombasa walishuka na uchovu wa njiani. Yeye alishuka na chafya za mzee yule kifuani, au hivyo ndivyo alivyoamini.

Mamake, Bi Afaf, alimpokea mlangoni mikono wazi. Swabaha akarudi nyuma.

"Kwani nanuka?" mamake akauliza.

"La, mama. Natoka safari. Niwate nioge kwanza."

Akaoga, akafua nguo, akafua hata begi. Alipomaliza hakutaka kukumbatiwa vilevile, akasema atalala chumba cha darini, kile kilichowekwa magodoro mabovu na masufuria ya harusi. Bi Afaf aliudhika. Alimwambia mumewe kwamba mtoto amerudi na maringo ya Nairobi, chumba alichokulia hakimtoshi tena. Gharib alikuwa ameinamia kazi yake, maana alikuwa mshoni wa kofia za mkono, akajibu bila ya kuinua macho kwamba mtoto aachwe apumzike. Kisha akakohoa, kwa kuwa alikuwa na pumu ya miaka mingi. Swabaha alikuwa ngazini. Aliketi palepale akamsikiliza babake akikohoa mpaka alipotulia.

Hofu yake ilikuwa hiyo, wala hakujiogopea nafsi yake. Alikuwa amesoma vya kutosha kujua kwamba ugonjwa ule huwapitia vijana juujuu, ukawaangukia wazee na wenye vifua vibovu. Kama alikuwa nao, hangekufa yeye. Angemuua babake. Na kama si babake, angemuua Maalim.

Maalim Ummukulthum alikaa nyumba ya mkabala, ghorofani. Kichochoro chenyewe ni chembamba, na roshani mbili za mbao, ya kina Gharib na ya kwake, zimetokeza zikakaribiana hivi kwamba mtu wa huku akinyoosha mkono na wa kule akanyoosha wake, wanapeana kitu bila ya kushuka ngazi. Alikuwa mjane, na mwanawe wa pekee, Hamdan, alifanya kazi Maskati. Nusu ya wanawake wa mtaa walisoma Kurani mbele yake, Swabaha mmoja wao. Alimfundisha alifu na be, akampiga kijiti vidoleni alipokosea, kisha akamfuta machozi kwa leso ileile aliyojifutia jasho. Swabaha alipopata nafasi ya chuo kikuu, Maalim alipika kaimati akazizungusha nyumba hadi nyumba, akimwambia kila aliyefungua mlango kwamba huyo ni mwanafunzi wake.

Baina ya roshani zile mbili kulikuwa na sahani. Ilikuwa nyeupe, yenye ukingo wa buluu, ya Maalim kwa asili, lakini hakuna aliyejali tena ni ya nani. Kila Ramadhani, kabla ya adhana ya magharibi, Maalim aligonga mbao za roshani kwa kijiko, akaipitisha ikiwa na kaimati au vibibi, juu imefunikwa kawa. Kesho yake Bi Afaf aliirudisha ikiwa na sambusa au mkate wa sinia. Haikurudi tupu hata mara moja. Hapana mahali palipoandikwa hivyo, ila hapana mwanamke wa Mji wa Kale asiyelijua. Kumrudishia mtu sahani yake ikiwa safi na tupu ni kumwambia tumekwisha, usituletee tena. Watu waliogombana kwa mirathi ndio waliofanya hivyo, na mtaa mzima ulijua siku hiyohiyo.

Darini Swabaha aliishi na simu. Kundi la darasa lao lilikuwa halilali. Huyu kaleta picha za majeneza ya Ulaya, yule kaleta sauti ya daktari asiyejulikana wa wapi, mwingine anauliza kama mitihani itakuwepo, na mwalimu wao anatuma masomo ambayo hakuna anayeyafungua. Stacy, aliyekuwa akilala naye chumba kimoja bwenini na sasa yuko kwao Nakuru, alimwandikia kwamba moyo unamwenda mbio hata akiwa amelala chali, na vidole vinakufa ganzi. "Wewe pia unasikia hivyo?" akamuuliza. Swabaha akamjibu hapana. Alikuwa akisikia hivyo tangu Mariakani.

Kifua kilimbana. Kikohozi kikavu kilimjia kila alipokifikiria, na alikifikiria kutwa. Aliposikia kwamba wagonjwa hupotewa na harufu, akawa kila asubuhi anashuka polepole, anafungua kopo la udi la mamake, ananusa, anafunga. Bi Afaf aliona kopo limeguswa akalitia kabatini na kufuli juu yake, udi wa harusi ule, si wa kuchezewa. Swabaha akahamia karafuu za jikoni. Leo alizisikia vizuri, kesho akazitilia shaka, akazivuta zaidi mpaka pua ikamuwasha akapiga chafya, na chafya yenyewe ikamharibia siku nzima.

Naam, mtu aweza kucheka. Mimi mwenyewe nikisimulia hapa hucheka kidogo. Lakini msichana mzima anayenusa karafuu jikoni huku machozi yanamtiririka hana raha ya kuchekwa, na hakuwa peke yake. Kundini mwao walikuwa wengi wa namna hiyo, kila mmoja kajifungia chumbani kwao, kila mmoja akiwajibu wenzake kwamba yeye hana neno.

Ramadhani iliingia misikiti ikiwa imefungwa, tarawehe ikasaliwa majumbani. Kisha Mji wa Kale wenyewe ukafungwa. Vizuizi vilitiwa kwenye njia za kutokea, polisi wakakaa, na watu waliozoea kwenda Marikiti kununua ndimu na kurudi kabla chai haijapoa wakawa wanasimama upande huu wakitazama upande ule. Watu wa afya walileta hema, wakaomba watu waje wapimwe. Hema likakaa na viti vyake vitupu. Si kwamba watu walikuwa wajinga, ingawa redioni waliambiwa hivyo. Walijua kwamba ukionekana nao unachukuliwa karantini, na unaoishi nao wanachukuliwa, na akifa mzee wenu huko hamumwoshi wala hamumwoni. Basi kila nyumba ilikohoa kwa siri. Mtu akibanwa na kikohozi barazani, alisingizia pilipili.

Sahani iliendelea kwenda na kurudi. Swabaha alimwomba mamake waiache kwa muda. Alimweleza habari za mikono, mate na vyombo, akamwonyesha hata michoro kwenye simu. Bi Afaf alisikiliza mpaka mwisho, kwani alimheshimu mtoto wake msomi, kisha akasema, "Nitamwambia nini Maalim? Kwamba kaimati zake ni najisi?"

"Si zake, mama. Ni sisi. Huenda mimi ninao."

Mamake alimziba mdomo kwa kiganja, akaangalia dirishani. "Usiseme neno hilo nyumbani humu. Watu wasikia. Wataka tuchukuliwe? Wataka babako apelekwe huko na pumu yake?"

Swabaha hakutaka. Basi hayo yakaishia hapo.

Jioni moja Bi Afaf alikuwa jikoni mikono imejaa unga, kijiko kikagongwa, ikambidi Swabaha atoke yeye. Maalim alikuwa amesimama roshanini kwake na leso mbili, moja kiunoni na moja kichwani, miwani imefungwa kwa uzi. Akanyoosha sahani.

"Masalkheri, Maalim. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona siku hizi sikuoni? Wasoma sana?"

Alipotaka kujibu, kikohozi kikamjia. Alijaribu kukimeza, kikamtoka kwa nguvu zaidi, sahani ikiwa katikati, wote wawili wameishika. Alikohoa juu ya kawa na juu ya vidole vya Maalim.

"Wakohoa," Maalim akasema.

"Vumbi tu, Maalim. Vumbi la darini."

Maalim alimtazama kitambo. Hakuiondoa mikono yake. "Haya. Kunywa tangawizi," akasema, ndipo akaiachia sahani.

Swabaha hakuzigusa kaimati zile wala hakupata usingizi. Kesho yake aliiosha sahani kwa sabuni, akaiosha kwa jiki, akaiosha kwa maji ya moto mpaka mikono ikamwiva. Bi Afaf alikuwa amekwisha kukaanga sambusa za kuirudishia, amezipanga sinia, akaingia kuoga. Swabaha akaichukua sahani kama ilivyo, akatoka roshanini, akagonga. Maneno alikuwa ameyapanga. Angesema, Maalim, si kwa ubaya, ni kwa mapenzi, tuache kidogo mpaka ugonjwa upite. Lakini chini kichochoroni Sheikhan mwenye duka alikuwa ameketi kwenye kiti chake, na madirisha ya jirani yalikuwa wazi, na neno ugonjwa halikuwa neno la kurushwa kutoka roshani hadi roshani. Maalim akatoka. Swabaha alimnyooshea sahani kwa ncha za vidole, mtandio puani, kichwa amekigeuza upande. Maneno yote yakamkauka.

Maalim aliipokea. Aliitazama, akaisogeza puani kidogo, kwa kuwa ilinuka jiki.

"Mungu awape afya," akasema. Akaingia, akafunga milango ya roshani, akatia komeo.

Bi Afaf alipotoka akazikuta sambusa zipo na sahani haipo, alielewa mara moja. Hakupiga kelele. Aliketi kwenye ngazi akajishika kichwa. "Maalim aliyemuosha mamangu kwa mikono yake," akasema. "Umemrudishia tupu." Alitaka avae buibui ashuke akaombe radhi saa ileile. Swabaha akamshika miguu, akalia, kifua kikambana, pumzi ikawa yaja kwa vipandevipande, mpaka Gharib akaja na pampu yake ya pumu akitaka kumpa. Swabaha akaisukuma kwa kiwiko, akiogopa kuigusa. Mwisho Gharib akaamua. Ramadhani imebaki kidogo. Siku ya Idi watakwenda wote watatu, wapige hodi, waombe radhi kama watu wanavyoombana siku hiyo.

"Maalim hana kinyongo," akasema. "Tuwate mpaka Idi."

Swabaha hakuweza kungoja Idi. Alimpigia simu. Iliita sana, kwani Maalim alikuwa na kisimu cha vitufe alichokiweka ndani ya kikapu chini ya nyuzi zake.

"Maalim, ni mimi. Nisamehe. Ile sahani..."

"Nishakusamehe," Maalim akamkatiza. Alisema kwa sauti ya chini na ya haraka. "Usiseme mengi kwenye simu. Wala usitoke roshani. Fungeni madirisha, mukae kwenu. Wasikia?"

"Nasikia."

"Haya. Kula vizuri."

Simu ikakatwa. Swabaha aliyageuza maneno yale huku na huku, na kila alipoyageuza aliyaona baridi. Usitoke. Mukae kwenu. Hivyo ndivyo anavyoambiwa mtu asiyetakiwa tena. Akajisemea moyoni kwamba ni sawa, na amchukie, mradi awe hai. Kwa muda mfupi hata kifua kilimlegea. Kisha akamkumbuka Maalim akizungusha kaimati nyumba hadi nyumba, kikambana upya.

Baada ya hapo alichobaki nacho ni kumsikia tu. Kila alasiri Maalim alisoma juzuu yake nyuma ya milango ya roshani, na Swabaha akawa anaketi darini, dirisha limefunguliwa upana wa kidole, akisikiliza. Maalim alisoma kwa mahadhi ya kizamani, akivuta panapovutwa, na pumzi zake zilikuwa na sifa mtaani. Chuoni kwake watoto walishindana kumwiga wakaishia kucheka na kuhema. Mtu anayesoma hivyo yu mzima. Swabaha akaacha karafuu, akafanya kisomo kile kuwa kipimo chake.

Siku moja pumzi ilimkatikia Maalim katikati ya aya. Akarudi nyuma, akaanza upya, ikamkatikia tena. Kesho yake alisoma sura fupifupi tu za mwisho wa msahafu, zile wanazoanzia watoto. Na baina ya sura na sura alikohoa.

Swabaha alijua. Bi Afaf alikuwa jikoni upande wa nyuma, hasikii. Gharib alikuwa na kofia zake na redio. Ni yeye tu aliyekuwa akisikiliza, na ni yeye tu, katika kichochoro kizima, aliyefundishwa maana yake mzee akikosa pumzi. Nambari ya bure ya kupiga alikuwa nayo. Aliiandika kwenye simu, akaifuta. Akipiga, watakuja na gari na mavazi meupe, watamchukua Maalim, watauliza ni nani aliyekuwa karibu naye, watapanda ngazi hizi, watamchukua babake. Asipopiga, huenda ni vumbi. Huenda ni mafua ya mvua za masika. Akaiandika tena, akaketi nayo mpaka simu ikajizima mkononi.

Ni rahisi kumlaumu. Alikuwa na njia mbili, na mwisho wa kila njia aliona maiti, na katika madarasa yote aliyoyahudhuria hakuna mwalimu aliyemwambia mtu afanyeje akifika hapo. Alikaa darini akalia kwa kuuma mtandio ili asisikiwe.

Siku iliyofuata hapakuwa na kisomo. Alasiri ikaja, ikapita, jua likateremka ukutani, milango ya roshani ya kule imefungwa vilevile. Swabaha akashuka ngazi mbio. Alisimama ubavuni mwa babake, karibu kabisa, jambo ambalo hakulifanya tangu arudi.

"Baba, Maalim hasomi."

Gharib aliinua macho, akamtazama usoni, wala hakumuuliza amejuaje. Alienda dirishani akamwita Sheikhan, ambaye ndiye aliyewekewa ufunguo wa mlango wa chini. Walimsikia akipanda, akiita hodi, hodi Maalim, kisha wasimsikie. Baadaye milango ya roshani ikafunguliwa, Sheikhan akatokea, kofia yake ameishika puani. Alisema kwa sauti ya chini kwamba yu hai, ila amelala sakafuni kando ya kitanda na hajijui vizuri.

"Apigiwe simu," akasema. "Ni nani mwenye nambari?"

Swabaha alikuwa nayo, na ilikuwa imekwisha kuandikwa.

Walikuja kabla ya magharibi, wamevaa meupe mwili mzima, nyuso hazionekani. Machela haikupita ngazini, wakamshusha Maalim kwenye kiti cha plastiki alichokuwa akikalia kufundishia, wamemfunga leso kiunoni asianguke. Kila dirisha lilifunguliwa kiasi cha jicho. Hakuna aliyetoka. Watu waliobusu mkono ule tangu wapate akili walisimama nyuma ya mbao zao wakisoma dua kimyakimya. Bi Afaf alianza kushuka, mmoja wa wale akamwinulia kiganja, akasimama palepale katikati ya ngazi.

Swabaha alitoka roshanini. Akaita, "Maalim," si kwa nguvu.

Maalim akainua kichwa. Miwani hakuwa nayo, lakini aliyemwita alimjua. Akanyanyua mkono kutoka pajani, akampungia kwa nyuma ya vidole, tena na tena, kama mtu anayefukuza kuku mlangoni. Ingia ndani. Toka hapo. Kisha wakapinda kona naye, kichochoro kikabaki na Sheikhan na kiti chake.

Swabaha alibaki na hilo, kwamba Maalim alikusanya nguvu zake zote ili amfukuze.

Alifariki hospitalini kabla ya Idi. Walimzika watu waliovaa plastiki, na wanaume wachache waliopata ruhusa wakasimama mbali. Bi Afaf alikuwa ametoa sanda, ubani na karafuu maiti, akakaa navyo mapajani siku nzima akingoja aitwe akamuoshe, kama Maalim alivyomuosha mamake. Hakuitwa. Alivikunja akavirudisha sandukuni. Kuhusu ugonjwa uliomuua hawakuambiwa. Mara ilisemekana majibu yametoka, mara yamepotea, mara kwamba ilikuwa sukari aliyokuwa nayo siku zote. Gharib aliuliza kwa simu kila alipoweza kuuliza mpaka akachoka.

Wao walipimwa, palepale nyumbani. Hawakuwa nao, hata mmoja wao. Jirani waliwapa hongera kutoka madirishani. Lakini Swabaha alijua kipimo kile husema ya leo, hakisemi ya jioni ile aliyokohoa juu ya kawa. Pengine alimuua Maalim kwa sahani iliyokuja. Pengine alimuua kwa ile iliyorudi tupu, kwa kuwa kama ingaliendelea kupita, mtu angaliuona uso wa Maalim kila jioni, akajua mapema kwamba hali imebadilika. Hapakuwa na wa kumwambia ni ipi.

Siku hizohizo Stacy alimtumia ujumbe wa sauti. Mamake Stacy alikuwa amempeleka kwa daktari, akapimwa moyo, mapafu na damu. "Niko sawa, Swaba," alisema, na ilisikika kwamba analia kwa furaha. "Daktari anasema ni wasiwasi tu. Kifua, kikohozi, hiyo ganzi ya vidole, yote. Mwili unaogopa. Amesema wanafunzi wengi sana wamekuja kwake hivyo." Swabaha aliusikiliza mpaka akaujua kwa moyo. Kwa hiyo ni hofu ndiyo iliyokuwa ikikohoa darini. Kifua kilikuwa kinambana palepale alipokuwa akisikiliza.

Idi ilikuja kimya. Hapakuwa na sala ya uwanjani, wala watoto wa kugonga milango wakitaka mkono wa Idi. Walikaa watatu sebuleni mbele ya sinia moja, maana Swabaha alikuwa ameshuka kutoka darini na godoro lake, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Simu ya Gharib ikaita. Alikuwa Hamdan, mwanawe Maalim, kutoka Maskati. Ndege zilikuwa hazisafiri, hakuweza kuja kumzika mamake. Gharib alimpa pole, wakaombeana dua, kisha akaitikia, "Yuko, yuko hapa," akamnyooshea Swabaha simu.

"Ataka kusema nawe."

Swabaha aliipokea kwa mikono miwili.

"Idi njema, dada Swabaha," Hamdan akasema. Alikuwa mtu mpole siku zote, na sasa alikuwa mpole na amechoka. "Nilitaka kukusikia tu. Waendeleaje? Ulipona?"

"Kupona?"

"Mama alinambia. Usiogope, sikumwambia mtu. Alisema ulikohoa mukipeana sahani, na kesho yake ikaja tupu, imeoshwa dawa. Akanambia, mtoto wa Afaf ni mgonjwa, hataki kuniambukiza na hawezi kusema. Alikusifu sana. Alisema, huyo ndiye niliyemsomesha mimi."

Swabaha aligeukia upande wa roshani.

"Alipoanza kuumwa yeye, nilimlilia apige simu, au aniache nimpigie babako. Akakataa. Akanambia, wakija kwangu watavuka kwa kina Gharib, watamchukua yule mtoto, na ndiyo kwanza yuwapata nafuu. Akasema atangoja mpaka upone. Mimi sina lawama, dada. Ndivyo alivyotaka mwenyewe. Nilitaka kujua tu kama hakungoja bure."

Usitoke roshani. Usiseme mengi. Swabaha akauona tena ule mkono ukimpungia kwa nyuma ya vidole. Babake na mamake walikuwa wakimtazama, chakula kinapoa. Alifungua kinywa amwambie Hamdan ukweli, kwamba hakuwa mgonjwa, kwamba ilikuwa hofu tangu mwanzo, hofu tupu, na Maalim alikuwa akimficha mtu aliye mzima. Hamdan alikuwa akingoja. Alikuwa mbali, hakumuona mamake akishushwa ngazi wala hakumtia udongo, na alichobaki nacho ni hicho alichouliza.

"Nilipona," Swabaha akasema. "Hakungoja bure."

"Alhamdulillahi," Hamdan akasema, akaanza kulia, na Swabaha akaishika simu sikioni mpaka alipomaliza.